Bibi Yangu Alifikiri Ni Mimba, na Mimi Nilinyamaza

Ndugu na dada, mimi njo niliharibu bibi yangu. Hapana docta. Hapana dawa. Hapana mulozi, vile mama yangu alitembeza habari mu quartier nzima. Mimi! Na sikumupiga hata kofi. Nilimuharibu na kunyamaza.

Jina yangu sitaandika. Natumikaka soudeur hapa Butembo, upande ya Mususa, natengeneza milango na madirisha ya chuma, na nikitoa hata jina ya avenue batu batanijua. Bibi yangu tumuite Masika. Alikuwa mushonaji. Bamama ya chorale bakitaka nguo ya sikukuu, kwake njo balipangaka mustari.

Tulioana ku kanisa, na ngoma, na furaha yote. Miaka ikaanza kupita. Hakuna kitu.

Kwetu mutu akizaa, jina yake inabadirika. Anakuwa Papa Grâce, anakuwa Mama Gloire. Sisi tulibaki bila jina. Ku mariage, ku matanga, batu banaita Papa ya huyu, Mama ya yule, kiisha banageuka kwetu: "Na bale, bakuje kula."

Masika alijibebesha kosa peke yake. Mama yangu akamusaidia kumuongezea. Kila fois anakuja kututembelea, anaangalia kwanza tumbo, kiisha uso.

"Mama, bado?"

"Bado, mama."

"Mm."

Ile "mm" yake Masika aliisikia siku nzima. Na mimi nilikuwa nimeikala pale pale, nakula maharagi yangu.

Njo tukaenda ku kliniki moja ya privé. Docta akatuambia atapima bote babili, juu mara mingi shida iko kwa mwanaume. Mimi nikacheka! Masika akaangalia chini, alikuwa na haya juu yangu.

Kupimwa hapa Butembo nikakatala. Mutu wa labo, kwenye banapimaka, nilimutengenezea mulango ya nyumba yake, ananijua. Nikasema niko na kazi Beni, nitapima kule kwenye hakuna mwenye ananijua.

Kule Beni, mutu wa labo alifunga mulango mbele ya kusema.

"Ndugu yangu, hakuna mbegu. Hata moja."

"Labda mashine iko mubaya."

"Nilirudilia kuangalia. Ulikuwaka na oreillons?"

Oreillons, ile ugonjwa ya kuvimba mashavu. Nilikuwa nayo wakati nilikuwa kijana. Ilianza ku mashavu, ikashuka chini, nilishindwa kutembea. Mama alinipaka majani, nikapona, tukasahau. Kumbe ilikuwa imebeba kila kitu.

Nilirudia Butembo bila kuona njia. Masika alikuwa ku mashine yake, sindano iko mu midomo, akasimama mbio.

"Basemaje?"

Nikaangalia ule uso. Nikasema: "Basema niko bien."

Ni vile tu. Maneno kidogo vile, mutu anaweza kuisema akivua viatu!

Docta aliuliza majibu. Nikamuambia kule Beni balinijibu na kinywa, kila kitu iko sawa. Hakusukuma. Alipashwa kusukuma, ni kweli, mais mwongo alikuwa mimi, hapana yeye. Akageukia Masika: "Donc, mama, tuanze na wewe."

Ikaanza na bidonge. Mwezi ikiisha, damu inakuja, Masika anaingia mu cuisine, anafungua maji ili nisisikie vile analia. Docta akaongeza bidonge. Damu ikakuja tena. Kiisha akasema kuko sindano za nguvu, zinatokaka inje ya inchi, zinasukuma mayai ya mwanamuke iive. Masika akaitika mbele docta amalize kusema.

Mimi njo nilimupeleka kila mara. Anapandisha kikwembe, anageuza uso, ananinyooshea mukono ili nimushike. Namushika. Ndugu yangu, nilikuwa nashika mukono ya mutu mwenye anatibiwa ugonjwa yangu!

Unaniuliza juu ya nini sikusema. Nilikuwa na haya, ndiyo. Lakini kuko kitu mubaya zaidi, na leo naitoa: niliona ni afazali baseme ni yeye. Nilikuwa nafikiri atachoka, ataacha, tutasema ni mapenzi ya Mungu, kila mutu atamusikilia huruma na mimi nitaonekana bwana muzuri mwenye hakumufukuza. Ee, nilifikiri vile!

Kwa sindano ya mwisho, docta alituonya. Alisema: "Tumbo ikivimba mbio, ukianza kutapika, kukojoa ikipunguka, kuja siku ile ile. Hapana ngoja." Alitusemea bote babili. Mimi nilisikia muzuri kabisa.

Nyuma ya ile sindano nikapata kazi Beni, kuweka milango ku nyumba mupya ya mutu wa serikali. Kusema kweli, niliitafuta. Ku nyumba Masika alikuwa anaimba, na mimi nilishindwa kumusikiliza.

Simu ikalia niko ku kazi. Ni Masika.

"Papa, uko wapi?"

"Ku chantier. Kuko nini?"

"Ikala kwanza."

Nikaikala juu ya mufuko ya sima ya kujenga.

"Tumbo yangu inavimba," akasema. Sauti yake ilikuwa inacheka na inalia. "Kikwembe haifike tena. Asubui natapika. Papa, nafikiri ni yeye. Nafikiri amekuja."

Eh Mungu yangu!

Mu dunia yote mutu mumoja tu alijua kama haiwezi kuwa mimba, na mutu yule alikuwa ameikala juu ya mufuko ya sima, simu iko ku sikio. Kama haiko mimba, basi ni ile yenye docta alituonya. Nilijua. Nilijua pale pale.

"Docta alisema ikivimba niende," akaendelea. "Mais, wewe unaona aje? Niende, ao ningoje kwanza? Naogopa asinipige dawa ingine, akaharibu mutoto."

Sikilizeni muzuri, juu hapa njo zambi yangu iko. Kama ningesema "Enda sasa," angeenda. Alikuwa ananisikilizaka. Lakini akienda, docta atapima, ataona hakuna mimba, ataniita, ataniuliza tena ile majibu ya Beni. Nikaogopa.

Nikamujibu: "Ngoja nirudie. Tutaenda sisi babili."

"Haya, Papa. Hapana ambia mutu bado."

"Sitaambia mutu." Na nikaongeza: "Mungu asifiwe." Hata Mungu nilimutia ndani!

Kazi ile ningeweza kumaliza mbio. Nikaivuta. Nikasema peinture haijakauka. Nikasema njia haiko muzuri, batu banaongea mambo ya bale waasi ya pori upande ya barabara, na juu Beni kila siku kuko kitu ya kuogopa, hakuna mwenye alinishuku. Masika alikuwa ananipigia, na kila mara sauti yake inakuwa fupi, anapumua katikati ya neno. Akaniambia kukojoa inatoka kidogo sana, na iko nyeusi kama chai.

"Ni mutoto anakamata nafasi," akasema.

Na mimi nikajibu: "Ee."

Aïe! Ile "ee" inanifuata mupaka leo.

Mwenye alimuokoa haiko mimi. Ni jirani yetu, bibi ya mwanajeshi, batu balitoka mbali, upande ya Équateur. Sisi ya hapa hatukumusalimiaka sana, tuliogopa bwana yake na ile Lingala yabo. Alikuja kuomba chumvi. Akakuta Masika ameikala chini ku sakafu, ameegemea ukuta, tumbo iko ngumu kama ngoma, midomo imegeuka rangi. Akakamata simu ya Masika, akanipigia.

"Papa, yaka noki! Kuja mbio! Bibi yako anakufa!"

"Anakufa na nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe njo bwana!"

Akamubeba ku taxi-moto, akamuweka katikati yake na dereva, akamushikilia na mikono mupaka ku hospitali kubwa. Mwanamuke mwenye sikuwaka hata namuambia bonjour!

Mimi nikakamata taxi-moto kule Beni, nikamuambia dereva akimbie. Ku barrière mwanajeshi akaomba carte. Nikalia tu mbele yake. Akaangalia, akafungua njia.

Pale hospitali nikakuta banamutoa maji mu tumbo na tuyo, ule mupira mwembamba. Maji ya njano. Ilikuwa inaingia mu ndoo, inajaa, banaleta ndoo ingine. Masika alikuwa amefunga macho. Akasikia sauti yangu, akafungua, akaniuliza kidogo kidogo: "Balimuona? Mutoto?"

Nikatoka inje.

Docta wa pale alikuwa mwanamuke, kijana, alinifuata ku couloir. Akanieleza na maneno mepesi.

"Zile sindano zinasukuma nyumba za mayai. Kwake zimesukuma kupita. Zimevimba kama matunda ya avoka. Maji ya damu inatoka mu mishipa, inaingia mu tumbo na mu kifua, njo maana anashindwa kupumua. Damu yenye inabaki iko muzito, inaweza kuganda. Juu ya nini mulichelewa vile?"

Nikageukia ukuta.

"Na kama ako na mimba, itazidi. Donc tutapima, na…"

"Hawezi kuwa na mimba," nikasema.

"Unajua aje?"

Nikamuambia. Beni, mutu wa labo, oreillons, byote. Mara ya kwanza mu maisha yangu kinywa ilifunguka, na ilifunguka mbele ya mutu mwenye hata jina yake sikuijua.

Hakunitukana.

"Bibi yako anajua?"

"Hapana."

"Alipigwa zile sindano zote, na hakujua?"

"Ee."

Akavua miwani, akafunga macho kidogo. "Mimi nitamutibu. Mais hiyo utamuambia wewe mwenyewe. Mbele atoke hapa."

Bakamupasua. Nyumba moja ya mayai, juu ya uzito, ilikuwa imejizungusha, ikafunga damu yake, ikaoza. Bakaitoa. Nikashukuru, nikafikiri imeisha pale. Kumbe damu ilikuwa imeshaanza kuganda.

Asubui moja nilimuletea uji. Akanyoosha mukono ya kuume akamate kikombe. Vidole vikakataa. Akaangalia ule mukono kama ni ya mutu mwingine. Akataka kuniambia kitu, kinywa ikaenda upande. Nikaita, bakakimbia, docta akasema kipande ya damu yenye iliganda imefika ku kichwa. Kinywa ilirudia muzuri pole pole. Mukono haikurudia. Mukono ya mukasi! Mukono ya kupitisha kitambaa ku mashine!

Nilimuambia siku alianza kuikala inje, ku jua, ku banc mbele ya salle ya bagonjwa. Niliona nikingoja tena sitasema milele. Nikasema nikiangalia viatu vyangu. Nilipomaliza, hakulia. Bamama bengine balikuwa bananika nguo pale karibu, banacheka, maisha inaendelea.

Akauliza kitu moja tu.

"Siku nilikupigia simu nikakuambia amekuja. Ulijua?"

"Nilijua."

Akainamisha kichwa. Kiisha akasema: "Piga mama yangu simu. Akuje anikamate."

Hakurudia ku nyumba. Kutoka hospitali balimupeleka kwabo, Vuhovi. Nyuma, ndugu yake mukubwa alikuja na gari kukamata mashine ya kushona na nguo zake. Alinisalimia muzuri, akanipa pole hata! Hapo njo nilielewa: Masika hakuambia mutu kwabo. Alinifunika. Mimi mwenye nilimuacha akifurahia tumbo ya maji, alinifunika!

Na mimi, munafikiri nilifanya nini? Nikapokea ile pole. Nikanyamaza tena.

Mama yangu yeye alifurahi. Alisema Mungu ameniondolea muzigo. Miezi kidogo ikapita, akaanza kuniongelea musichana fulani ya Vulamba, batu ya kanisa, batu ya heshima. Nikasema hapana. Akarudilia. Siku moja akanivuta tu tuende "kusalimia." Nikaenda! Mutu mwenye amezoea kunyamaza banamuvuta kama mbuzi.

Tukaikala mu salon yabo. Bakatuletea Fanta. Musichana alikuja, akapiga magoti, akatusalimia, akarudia nyuma ya rideau ya mulango. Baba yake akauliza kwa adabu, ule bibi ya kwanza aliendaka juu ya nini.

Mama yangu akapunguza sauti: "Papa, tutasema nini? Aliharibu tumbo yake mu busichana. Alitoaka mimba, tuseme kweli. Njo ile dawa ikamugeukia."

Mu mawazo nikaona Masika ameshika mukono yangu, amegeuza uso, anangoja sindano.

"Mama, nyamaza," nikasema.

"Nini?"

"Nyamaza. Masika hakutoaka mimba. Masika hana kosa. Mimi njo siwezi kuzaa. Oreillons iliniharibu, nilijua, nikamuacha apigwe sindano. Papa, munisamehe, hakuna mariage hapa."

Baba ya musichana aliweka chupa yake chini pole pole. Mama akakamata sac yake, akatoka, hakuniangalia. Mupaka leo hajakanyaga kwangu. Nikituma mutu kumusalimia, anajibu ako na kazi ya shamba.

Nilienda kwa padri, nikaungama. Akanipa msamaha, kiisha, mbele nisimame, akaniambia: "Mungu amekusamehe. Lakini hapana Mungu njo alipigwa sindano. Enda kwabo."

Nikaenda Vuhovi. Nikasema mbele ya baba yake, mbele ya mama yake, mbele ya bandugu. Ndugu yake mukubwa alisimama, nikafikiri atanipiga, nilitaka hata anipige. Baba yao akamukalisha. Masika alikuwa karibu na mulango, anatoa maharagi mu maganda, ganda anaishika na goti, anaipasua na mukono ya kushoto. Hakuacha kazi wakati nilikuwa naongea.

Nilipomaliza akasema: "Wasingya, asante, juu umesema mbele ya baba. Sasa bananiangalia muzuri hapa. Mais mimi sirudie."

"Hata kidogo?"

"Ungeniambia, ningebaki na wewe. Tungekamata mutoto ya ndugu, tungelea. Mimi nilikupenda wewe, sikupenda mbegu. Rudia kwako, mvua inakuja."

Nikarudia. Mvua ilinikuta mu njia.

Sasa naishi peke yangu. Napika bugali ya mutu mumoja, napika nyingi juu sijui kupima, ingine namwangia kuku ya jirani. Yule bibi ya mwanajeshi alihama, bwana yake balimutuma kwengine, sikupata hata kumuambia asante. Ku atelier batu bananiongelesha juu ya milango. Siku ya Mungu naikala nyuma ya kanisa, ku banc ya mwisho, natoka mbele communion ianze. Batu bamejua, kila mutu amejua, na unajua kitu yenye inanishangaza? Hakuna mwenye ananicheka! Ile haya yenye niliogopa mupaka nikauza bibi yangu, ilipita mu juma moja, batu bakaongea mambo ingine.

Wewe mwanaume mwenye unasoma hii, na bibi yako ananywa dawa ya kuzaa: enda upimwe wewe kwanza, na ukisikia kitu mubaya, mwambie siku ile ile. Atalia. Atakasirika. Anaweza hata kukuacha. Mais ataenda akiwa muzima.

Na wewe dada, wewe mwenye unapigwa zile sindano na tumbo imeanza kuvimba, weka hii simu chini. Hapana ngoja bwana arudie. Hapana muulize yeye anaona aje. Kimbia kwa docta saa hii. Kama ni mimba kweli, mutaenda nayo.